Nani Anamhakiki Nani? Lugha ya Simu na Faragha ya Mtumiaji

1. Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili, neno uhakiki lina maana inayojulikana na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni kazi ya kuisoma matini kwa makini, kupima fani na maudhui yake, na hatimaye kutoa hukumu yenye sababu. Nje ya darasa, neno hilohilo limepewa kazi nyingine. Mwananchi huambiwa ahakiki laini yake ya simu, ahakiki namba ya kitambulisho chake, ahakiki vyeti vyake. Nchini Tanzania, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020. Hapa Uganda, laini za simu zilifungamanishwa na namba ya kitambulisho cha taifa mwaka 2017. Mwaka uliofuata, yaani 2018, serikali ya Uganda kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ilifanya uhakiki wa wakimbizi zaidi ya milioni moja kwa alama za vidole na mboni za macho. Miongoni mwao walikuwemo Wakongo wengi ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kuelewana na watu wa makabila mengine.

Tofauti ya maana hizi mbili ni kubwa. Katika uhakiki wa darasani, msomaji ndiye anayeipima matini. Katika uhakiki wa aina ya pili, matini ndiyo inayompima msomaji: inamwuliza jina, inamwuliza umri, inachukua alama ya kidole chake, kisha inamruhusu au inamkatalia. Makala haya yanakusudia kurudisha uhakiki kwa mwenyewe. Tutaichukua lugha ya Kiswahili inayotumika katika simu za mkononi, katika huduma za fedha na katika majina ya mifumo ya utambulisho, tuisome kama tunavyosoma tamthilia au riwaya. Tutauliza maswali yaleyale ya kawaida: nani anasema, anasema na nani, anaficha nini, na sarufi inamsaidia vipi katika kuficha huko.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba hii ni kazi ya wanasheria au ya wataalamu wa kompyuta. Sivyo. Sheria inaweza kusema kwamba taarifa za mtu zisichukuliwe bila ridhaa yake, lakini ridhaa hutolewa kwa maneno, na maneno hayo huandikwa na mfasiri. Mfasiri huyo, mara nyingi, ni mhitimu wa idara kama hii yetu.

2. Hodi na faragha

Kabla ya kuendelea, ni vyema tujibu hoja moja ambayo husikika sana katika mijadala ya wanafunzi. Hoja hiyo inasema kwamba faragha ni dhana ya Wazungu, na kwamba Mwafrika huishi kwa ujamaa, kila mtu akijua habari za jirani yake. Kwa hiyo, wanasema, malalamiko kuhusu simu kuchukua habari zetu ni malalamiko ya kuazima.

Lugha yenyewe inaikanusha hoja hii. Neno faragha limetoka katika Kiarabu, ambamo mzizi wake unahusu utupu na nafasi isiyo na shughuli, lakini kwa Mswahili limekuwa na maana ya mahali au wakati ambapo mtu yuko peke yake au na mwandani wake. Linakaa jirani na maneno mengine mengi: siri, stara, staha, unyumba, mambo ya ndani. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kufuata maneno hayo. Mgeni alipokewa katika daka, na njia ya kuingilia ilipinda ili mpita njia asiweze kuona ndani. Kwa upande wa Uganda, Waganda wana methali isemayo kwamba ya nyumbani hayatangazwi nje, nao pia hubisha mlangoni kwa kusema koodi, neno lililo ndugu wa hodi yetu.

Hodi ni taasisi kamili. Mgeni husimama nje, hupaza sauti, husubiri. Akijibiwa karibu, huingia. Akipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, huondoka, wala hahesabu kimya kile kuwa ni ruhusa. Tena mgeni hutakiwa ajitambulishe, kwa maana swali la nani wewe ni haki ya mwenye nyumba. Jamii ambayo imeweka utaratibu kama huu mlangoni haiwezi kuambiwa kwamba haijui faragha.

Sheria zetu nazo zimelitambua jambo hili. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafanya vivyo hivyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ambayo ina faida ya kusomwa kwa Kiswahili, inaitaja faragha katika Ibara ya 16, na humo ndani yamo maneno ya kwetu kabisa kama nafsi, unyumba na maskani. Baadaye zikafuata sheria mahususi za kulinda taarifa binafsi: Uganda na Kenya mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kwa hiyo msingi upo. Swali ni kama lugha ya simu inausimamia msingi huo au inauzunguka.

3. Sarufi ya ridhaa

Tuanze na kitufe kimoja kidogo kilichoandikwa Kubali. Kila anayepakua programu katika simu hukutana nacho. Kwa mtazamo wa haraka, neno hili halina kasoro. Lakini tukilitazama katika matumizi yake tunaona kwamba kukubali kuna mambo mengi ndani yake. Mshitakiwa hukubali kosa. Aliyeshindwa katika mchezo hukubali kushindwa. Mtu aliyechoshwa na ugomvi husema amekubali yaishe. Katika mifano yote hii, anayekubali hakuanzisha jambo wala hakulitaka; ameletewa, naye amelegeza. Kinyume chake ni neno ridhaa na kitenzi chake kuridhia, ambayo hubeba moyo wa aliyeridhika. Wanasheria wetu hutumia neno ridhaa, na ndilo linalotakiwa na sheria. Kitufe cha simu hakisemi Nimeridhia. Kinasema Kubali, tena kwa hali ya amri, bila hata tafadhali. Sheria inadai ridhaa, simu inapokea kukubali yaishe, na hesabu inaandikwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Jambo la pili ni kauli za vitenzi. Walimu wa sarufi hufundisha tofauti iliyopo baina ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Tunaweza kusema mlango umefunguliwa na Juma, kwa sababu kauli ya kutendwa humpa mtenda nafasi ya kutajwa. Hatuwezi kusema mlango umefunguka na Juma. Kauli ya kutendeka haina kiti cha mtenda. Jambo limetokea tu, kama mvua. Sasa tuchukue sentensi ya aina inayopatikana kwa kawaida katika masharti ya huduma: Taarifa zako zinaweza kutumika kwa lengo la kuboresha huduma. Nani atazitumia? Sentensi haisemi, na kwa kauli iliyochaguliwa haiwezi kusema. Mitaani tunasikia watu wakisema zinatumika na kampuni, lakini sarufi sanifu hudai zinatumiwa na kampuni, na pindi tunapoandika zinatumiwa, msomaji mwenye akili huuliza papo hapo: na nani? Mwandishi wa masharti ameliepuka swali hilo kwa silabi moja.

Fomula mashuhuri kuliko zote ni ile inayosikika mwishoni mwa matangazo ya biashara redioni, ikisomwa kwa kasi ya mtu anayefukuzwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Hapa hakuna nafsi, hakuna njeo, hakuna mtenda. Kuzingatiwa na nani? Bila shaka na wewe msikilizaji. Lakini masharti yenyewe hayapo katika tangazo, kwa hiyo unatakiwa uzingatie jambo ambalo hujaambiwa. Fomula hii imeenea kiasi kwamba sasa ni mzaha; vijana huiweka mwishoni mwa ahadi za mapenzi. Mzaha huo ni uhakiki wa aina yake. Umma umekwishaelewa kwamba maneno yale huondoa kwa mkono wa kushoto kilichotolewa kwa mkono wa kulia.

Jambo la tatu ni istilahi. Zipo zilizofaulu. Namba ya siri ni istilahi njema, kwa sababu inajieleza yenyewe na inabeba onyo ndani yake. Hata bibi ambaye hakwenda shule anajua kwamba siri haitolewi kwa mpita njia. Kudukua nako ni mfano mzuri wa kufufua neno. Kitenzi hiki kilikuwepo kabla ya kompyuta, kikiwa na maana ya kusikiliza au kupeleleza mambo ya watu kwa siri, na leo kinamhusu anayeingia katika mashine ya mwenzake bila idhini. Lakini zipo istilahi zinazofunga mlango badala ya kuufungua. Msomaji anayeombwa kukubali vidakuzi vyote, kama hajawahi kukutana na neno hilo, hana njia ya kujua kama vidakuzi ni chakula, ni wadudu au ni vifaa. Mfasiri ametekeleza wajibu wake wa kupata neno moja kwa neno moja, lakini mtumiaji amebaki gizani. Aidha, jina Sera ya Faragha hulifanya andiko lionekane ni ngome ya kumlinda msomaji, ilhali sehemu kubwa ya andiko hilo huwa ni orodha ya mambo ambayo kampuni itayachukua kwake.

4. Majina ya huduma

Kama ilivyo katika fasihi, majina ya wahusika hayachaguliwi ovyo. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilianza kuwasajili wananchi katika mfumo mpya wa utambulisho ulioitwa Huduma Namba. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angelisahihisha jina hilo kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mpangilio wake si wa Kiswahili. Sisi husema namba ya huduma, kama tusemavyo namba ya simu na namba ya gari. Jina limevaa nguo za Kiswahili, lakini mifupa yake ni ya Kiingereza.

Kosa hili si la mpangilio peke yake. Kile kiunganishi kidogo, ya, kilichodondoshwa, ndicho ambacho kingetulazimisha kuuliza uhusiano. Namba ya huduma gani? Huduma ya nani kwa nani? Jina lililokosa kiunganishi linaweka maneno mawili mazuri bega kwa bega na kuacha hisia ya wema iyajaze mengine. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu alipo kwa ramani za satelaiti chini ya mfumo huo, na ikataka uwepo kwanza utaratibu wa kutosha wa kisheria. Oktoba 2021 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa batili kwa kuwa athari zake kwa ulinzi wa taarifa hazikutathminiwa kwanza. Mwaka 2023 ukaja mfumo mwingine, nao ukaitwa Maisha Namba. Mpangilio haukurekebishwa, na safari hii si huduma tena, ni maisha yenyewe yaliyotiwa namba.

Wakati mwingine jina hutufikia kwa bahati tu. Mwaka 2011 kampuni ya Apple ilitoa simu yenye msaidizi anayeitikia sauti, naye akaitwa Siri.  Kwa msomaji wetu, kifaa kinachosikiliza kimebeba jina la kile ambacho husikilizwa. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba watu walioajiriwa kwa mkataba walikuwa wakisikiliza sehemu za mazungumzo yaliyorekodiwa na msaidizi huyo, na kampuni ikaomba radhi. Januari 2025 ikakubali kulipa dola milioni 95 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani kuhusu suala hilo, bila kukiri kosa. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ya siku hizi imetiwa mfukoni.

5. Kazi na muda wa mfanyakazi

Teknolojia haikuingia katika mambo ya faragha pekee. Imeingia pia katika kazi, na huko nako imekuja na lugha yake. Nchini Kenya, anayempigia mtu ambaye simu yake imezimwa husikia kwamba mteja hapatikani. Vijana wa Nairobi waliichukua sentensi hiyo na kuifanya msemo: fulani ni mteja, yaani hapatikani. Tuangalie tena kitenzi. Kupatikana kimekuwa hali ya kawaida ya binadamu, na kutopatikana kimekuwa kasoro inayotangazwa kwa anayepiga.

Walimu wanaielewa hali hii vizuri. Zamani mwalimu akitoka shuleni saa kumi na moja jioni, kazi iliyomfuata nyumbani ilikuwa ni madaftari ya kusahihisha, nayo alijua idadi yake. Leo kuna kundi la walimu katika simu, kuna kundi la wazazi, kuna kundi la mitihani. Maagizo huingia saa nne za usiku, na alama mbili za buluu humwambia mkubwa kwamba umekwishasoma. Hakuna aliyekuagiza kwa maandishi kufanya kazi usiku. Ni kwamba ujumbe umesomeka. Nchini Ufaransa, sheria iliyoanza kutumika Januari 2017 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutoshughulikia ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Kwetu sisi haki hiyo bado haina hata jina lililozoeleka katika Kiswahili. Tungeweza kuiita haki ya kutopatikana, na neno lililokuwa kasoro likawa stahiki.

Ipo kazi nyingine inayotuhusu kwa karibu zaidi, kwa sababu malighafi yake ni lugha. Jijini Nairobi, vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa na kampuni iliyopewa zabuni na Meta, mmiliki wa Facebook, ili wapitie yale yanayowekwa mtandaoni kwa lugha za Kiafrika. Waliajiriwa kwa kuwa wanajua lugha hizo. Jina la kazi yao ni wasimamizi wa maudhui. Mwanafunzi wa fasihi anayelisikia neno maudhui hukumbuka dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Katika ofisi zile, maudhui yalikuwa ni picha za watu wakiuawa, za watoto wakidhulumiwa, za watu wakijitoa uhai, siku baada ya siku. Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyeifanya kazi hiyo, alifungua kesi nchini Kenya dhidi ya Meta na kampuni ya Sama kuhusu mazingira ya kazi na madhara ya kiakili. Mwaka 2023 wasimamizi wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi nyingine ya kuachishwa kazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushitakiwa nchini humo.

Tunawaambia wanafunzi wetu kila mwaka kwamba Kiswahili kinaajiri. Ni kweli, na ni vizuri kusema hivyo. Lakini tukumbuke kwamba ajira ya lugha si ukalimani wa mikutano ya Arusha pekee. Mhitimu anayesaini mkataba wa kusimamia maudhui anastahili kuwa amefundishwa kuuliza: maudhui gani?

6. Hoja za upande wa pili

Haki ya uhakiki inadai tuwasikilize wanaotetea. Hoja yao ya kwanza ni kwamba teknolojia hii imeleta nafuu ya kweli. Hatuna sababu ya kubisha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na huduma ya namna hiyo ikaanza Uganda mwaka 2009. Mama muuza ndizi ambaye hakuwahi kufungua akaunti ya benki sasa hupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye mbali, bila kumkabidhi kondakta wa basi bahasha. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science, ulikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa katika umaskini kaya zipatazo 194,000 nchini Kenya. Anayehakiki lugha ya huduma hizi hataki ziondolewe. Anataka zizungumze na wenye nyumba kwa adabu ya mgeni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba hata masharti yakiandikwa kwa Kiswahili fasaha, watu hawatayasoma, kwa kuwa watu hawapendi kusoma. Jibu la hoja hii limo ndani ya simu zenyewe. Tufikirie ujumbe unaoingia baada ya mtu kutumiwa fedha. Unamtaja aliyetuma kwa jina, unataja kiasi, unataja tarehe na saa, na mwishoni unataja salio. Ni mistari michache. Hakuna asiyeusoma, na asiyejua kusoma humtafuta mtoto amsomee. Kampuni za simu, kwa hiyo, zinajua vizuri sana kuandika matini fupi yenye mtenda, mtendwa na hesabu. Huandika hivyo fedha inapohama. Habari za mtu zinapohama, kampuni hizohizo huandika kurasa nyingi zisizo na mtenda. Haiwezekani kusema kwamba ni uwezo wa lugha uliopungua, kwani lugha ni ileile na mwandishi ni yuleyule. Kilichobadilika ni nia.

Hoja ya tatu ni kwamba faragha ilikwishapotea kabla ya skrini. Ni kweli kwamba katika vibanda vya wakala wa fedha tuliona daftari kubwa lililolala wazi juu ya meza, likiwa na majina, namba za simu, namba za vitambulisho na kiasi cha fedha za wateja wote wa siku hiyo, kila anayefika akiweza kusoma ya mwenzake. Lakini daftari lile lilikuwa na jambo moja la heri: mteja aliliona. Aliweza kulifunika kwa kiganja, aliweza kumlalamikia wakala. Daftari la sasa halionekani, na ndiyo maana lugha inayolieleza inahitaji kuwa wazi zaidi kuliko zamani.

7. Nafasi ya darasa la Kiswahili

Kiswahili si mgeni katika kazi ya kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, ikiwa na menyu za Kiswahili. Enzi hizo mjadala mkubwa katika makongamano yetu ulikuwa ni kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na umuhimu wake. Hata hivyo, tulitumia nguvu nyingi kukipa kifaa jina, tukasahau kuuliza sentensi za kifaa hicho zitakuwa na mtenda au la. Nomino zilipata kamati, vitenzi havikupata.

Nchini Uganda suala hili limekuwa na uzito mpya. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Jinsi lugha inavyopanda hadhi, ndivyo matini za huduma zitakavyozidi kufasiriwa katika Kiswahili, na zitahitaji watu wa kuzifasiri. Ni bora wafasiri hao watoke katika darasa lililowaonya mapema. Kwa sababu hiyo napendekeza mazoezi matatu ambayo mwalimu anaweza kuyatumia bila gharama yoyote, kwa kuwa matini zake zimo katika simu za wanafunzi.

Zoezi la kwanza ni la sarufi. Wanafunzi wachukue aya moja ya masharti ya huduma, wapigie mstari kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa au ya kutendeka, kisha wakigeuze kuwa kauli ya kutenda kwa kumtaja mtenda. Watakaposhindwa kumtaja, waandike swali badala ya jibu. Maswali hayo ndiyo matokeo ya zoezi.

Zoezi la pili ni la tafsiri. Wanafunzi waiandike upya aya hiyo kwa mtindo wa ujumbe wa kupokea fedha: nani, nini, lini, kwa nani, kimebaki nini. Tuchukue mfano wa programu za mikopo ya simu, ambazo nchini Kenya zilifahamika kwa kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mkopaji aliyechelewa kulipa, hadi kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zilipopiga marufuku tabia hiyo. Sharti la aina hiyo huweza kuandikwa hivi: Orodha ya anwani inaweza kufikiwa kwa ajili ya tathmini na ufuatiliaji. Likiandikwa upya kwa kauli ya kutenda, linakuwa: Tutachukua majina na namba za watu wote walio katika simu yako. Ukichelewa kulipa, tutawapigia na kuwaambia kwamba unadaiwa. Sentensi ya pili ina maneno mengi zaidi, lakini hakuna mkopaji ambaye angeibonyezea Kubali bila kusita. Wanafunzi wajadili kwa nini ya kwanza ndiyo inayopendwa na waandishi.

Zoezi la tatu ni la kusoma kwa sauti. Mwanafunzi mmoja ayasome masharti mbele ya darasa, kwa mwendo wa kawaida, na mwenzake awe mwenye nyumba anayejibu. Kila sentensi ikiisha, mwenye nyumba aseme karibu, au aulize wewe nani, au anyamaze. Itadhihirika upesi ni sentensi ngapi zilizoingia ndani bila hodi.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinachokaa katika simu zetu kina kasoro ambazo si za msamiati pekee. Kitufe kinaamrisha mahali ambapo kingepaswa kuomba. Vitenzi vinamficha mtenda. Majina ya mifumo yanapamba kile ambacho yangepaswa kukieleza. Kasoro hizi haziondolewi na sheria peke yake, kwa sababu sheria inasimama juu ya ridhaa, na ridhaa inasimama juu ya kuelewa.

Kwa wanafunzi wa tafsiri na wa isimu wanaotafuta mada za utafiti, uwanja ni mpana. Wapo watakaoweza kulinganisha matini za huduma moja katika Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania; wapo watakaoweza kwenda katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali na kuuliza jinsi watu walivyoelezwa kwa Kiswahili kabla ya kutoa alama za vidole vyao; wapo watakaochunguza lugha ya makundi ya kazi katika simu za walimu. Kwa walimu, pendekezo langu ni dogo: katika muhula ujao, kozi ya tafsiri iwe na angalau matini moja ya masharti ya huduma, na isomwe kwa ukali uleule tunaoutumia tunaposoma riwaya. Masharti hayo yanahusu maisha ya wanafunzi wetu, na wengi wao wamekwishayakubali.